Kubadilisha Valvu za Nguvu kwenye Amplifaya ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu valvu (chupa za kioo za kielektroniki) kubwa za mwisho, zile zinazosukuma transfoma ya spika. Valvu ndogo za mbele ni habari nyingine: ukikosea huko, mara nyingi hasara ni sauti mbaya tu. Ukikosea huku nyuma unaweza kuunguza transfoma ambayo bei yake inakaribia nusu ya amplifaya nzima. Mifano mingi tumeitoa kwenye Dynaco Stereo 70 ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959 ikiwa na valvu nne za EL34, kwa sababu vipimo vyake vinajulikana sana na mpangilio wake unafanana na wa amplifaya nyingi zinazotengenezwa hadi leo.

Soketi yangu ina pini 8. Je, kila valvu ya pini 8 inaingia?

Kuingia inaingia. Kufanya kazi ni jambo jingine. EL34, 6L6GC, KT66, KT77, KT88, 6550, KT120 na KT150 zimepangwa karibu sawa: pini 2 na 7 ni hita (waya wa kuipasha valvu joto), 3 ni anodi (bamba linalopokea mkondo), 4 ni gridi ya skrini, 5 ni gridi ya kuongozea, 8 ni kathodi (inayotoa mkondo). Lakini 7591, iliyotumika sana kwenye amplifaya za Marekani za miaka ya 1960, ina kitako kile kile huku kathodi ikiwa pini 5 na gridi ya kuongozea pini 6. Ukichomeka EL34 kwenye soketi ya 7591, volti ya bayasi (volti hasi inayozuia valvu isivute mkondo kupita kiasi) haifiki kwenye gridi inakotakiwa, na kitakachofuata ni harufu ya kuungua.

Kwa hiyo anza na maandishi yaliyo kwenye chesisi au na mchoro wa saketi. Usianze na umbo la kitako. Na usiamini kwamba valvu uliyoikuta humo ndiyo iliyowekwa na kiwanda. Amplifaya ya mtumba huenda ilishapita mikononi mwa mafundi kadhaa.

Nitajuaje kama transfoma yangu itaihimili valvu mpya?

Tazama mkondo wa hita kwanza. Zote hapa chini zinatumia volti 6.3, ila kila moja inavuta kiasi chake. Namba ya pili ni wati ambazo anodi inaweza kubeba bila kuharibika:

6V6GT: ampia 0.45, wati 12
EL84: ampia 0.76, wati 12 (hii ina pini 9, soketi tofauti kabisa)
6L6GC: ampia 0.9, wati 30
5881: ampia 0.9, wati 23
KT66: ampia 1.3, wati 25
KT77: ampia 1.4, wati 25
EL34 na 6CA7: ampia 1.5, wati 25
6550 na KT88: ampia 1.6, wati 35 (toleo la 6550A, na KT88 kwa kiwango chake cha juu kabisa, hufika 42)
KT120: hadi ampia 1.95, wati 60
KT150: hadi ampia 2, wati 70

Kwenda kwenye valvu ya ampia ndogo zaidi ni salama kwa transfoma; kwenda kwenye ya ampia kubwa zaidi ndiko kuna gharama. Kutoka 6V6 kwenda 6L6GC unaongeza mkondo wa hita mara mbili. Kutoka EL34 kwenda KT150, kwa valvu nne, unaongeza ampia 2 nzima kwenye waya uliokokotolewa kwa ampia 6. Transfoma haitakatika siku hiyo. Itapata joto kupita kiasi kila siku hadi vanishi ya waya ianze kupasuka, na mwenye amplifaya atalaumu umeme.

Kipimo cha haraka: valvu mpya zikiwa zimewaka kwa dakika 20, pima volti za AC kati ya pini 2 na 7. Ikiwa zimeshuka chini ya 6.0 ilhali valvu za zamani zilikuwa zinaonyesha 6.3, transfoma inakwambia imezidiwa.

Ipi inaweza kuchukua nafasi ya ipi?

Penye EL34, KT77 ndiyo mbadala unaosumbua kidogo zaidi: mkondo wa hita uko chini kidogo, wati ni zile zile, na bayasi inahitaji kusogezwa kidogo tu. 6CA7 ni jina la Kimarekani la EL34, ingawa zile za chupa nene zimejengwa ndani kwa namna ya 6L6. E34L ya kiwanda cha JJ nayo inakubali, ila inataka volti za bayasi hasi zaidi.

Penye KT88 unaweza kuweka 6550 na kinyume chake, baada ya kupanga bayasi upya. KT120 inaingia pale tu mtengenezaji wa amplifaya amesema inaingia.

Penye 6L6GC, 5881 inafaa ikiwa volti za anodi ziko chini ya 400 na unakumbuka kwamba wati zake ni 23, si 30. KT66 ni nzuri mno hapo kama transfoma ina akiba ya ampia 0.4 kwa kila valvu.

Penye 6V6, baki na 6V6.

Angalia pia volti za gridi ya skrini, jambo ambalo watu hulisahau. Kwenye saketi za altralinia, skrini inapata volti karibu sawa na anodi. EL34 inavumilia hadi 500 na KT88 hadi 600, lakini 6L6GC mwisho wake ni 450 na 6V6GT ni 285. Amplifaya ya altralinia yenye volti 470 inaweza kufanya kazi miaka mingi na EL34, kisha ikaua 6L6GC ndani ya wiki.

Pini 1 ina shida gani?

Kwenye EL34, pini 1 ni gridi ya tatu, nayo lazima iungwe na kathodi, yaani pini 8. Kwenye 6L6GC pini hiyo kwa kawaida haina kitu ndani, na kwenye KT88 nyingi imeungwa na mkanda wa chuma wa kitako. Matokeo yake, amplifaya iliyoundwa kwa EL34 inapokea hizo nyingine bila tatizo la pini 1, lakini iliyoundwa kwa 6L6 huenda haikuunga pini 1 popote. Mbaya zaidi, baadhi ya watengenezaji walitumia pini 1 na 6 za soketi ya 6L6 kama vituo vya kushikizia rezista, kwa vile hazikuwa na kazi.

Zima, chomoa, hakikisha kapasita hazina chaji, kisha weka mita kwenye omu kati ya pini 1 na 8 za soketi. Ukipata karibu sifuri, EL34 inaweza kuingia. Ukipata uwazi (hakuna muunganiko) na pini 1 haina waya wowote, lehemu kipande cha waya kutoka 1 hadi 8. Ukikuta rezista imeshikizwa pale, ihamishe kwanza.

Bayasi ni nini hasa, na yangu ni ya aina gani?

Ni volti hasi kwenye gridi ya kuongozea, ikilinganishwa na kathodi, inayoamua valvu ivute mkondo kiasi gani wakati hakuna muziki. Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya kudumu: volti hasi zinatoka kwenye usambazaji wake, na ndani au juu ya chesisi kuna skrubu ndogo ya kurekebishia. Ya pili ni ya kathodi: kati ya pini 8 na chesisi kuna rezista ya mamia ya omu, wati 5 au 10, na kapasita pembeni yake, hakuna cha kurekebisha. Amplifaya za kisasa zenye saketi inayojipanga yenyewe ni aina ya tatu, na hizo fuata kitabu chake tu.

Kumbuka mwelekeo, maana unachanganya wengi: volti zikiwa hasi zaidi, mkondo unapungua. Kutoka volti −35 kwenda −45 ni kupoza valvu.

Nipange miliampia ngapi?

Kwa bayasi ya kudumu kwenye pushi-puli (valvu mbili zinazopokezana kusukuma transfoma ya spika), chukua asilimia 70 ya wati za anodi, ugawe kwa volti zilizopo kati ya anodi na kathodi. EL34 kwenye volti 425: 25 × 0.7 = 17.5, gawa kwa 425, unapata takriban miliampia 41. Huo ni mpaka wa juu, si lazima uufikie.

Dynaco wenyewe walienda mbali zaidi. Kwenye Stereo 70, valvu mbili za upande mmoja zinapitisha mkondo kwenye rezista moja ya omu 15.6, na kitabu kilitaka volti 1.56 juu ya rezista hiyo, yaani miliampia 100 kwa jozi, 50 kwa kila moja. Kwenye volti 425 hiyo ni wati 21, asilimia 85. EL34 za enzi hizo zilistahimili. Kwa valvu za leo tunashauri volti 1.25, sawa na miliampia 40 kwa kila valvu. Tofauti ya sauti ni ndogo, na transfoma ya umeme, ambayo kwenye Stereo 70 inajulikana kwa kuchemka, inapumua.

Mkondo unaopimwa kwenye kathodi unajumlisha ule wa skrini, kwa hiyo anodi inabeba pungufu kidogo ya hesabu yako. Kosa hilo liko upande wa usalama, liache.

Kama amplifaya yako haina sehemu ya kupimia, lehemu rezista ya omu 1, wati 1, kati ya pini 8 na chesisi kwa kila valvu. Kila milivolti moja utakayoisoma ni miliampia moja. Kwa Stereo 70, marekebisho yanayolipa kuliko yote ni kuondoa ile rezista ya pamoja na kuweka omu 10 kwa kila valvu, ili uone kila moja inafanya nini. Miliampia 40 itasomeka volti 0.40.

Nianzeje bila kupigwa na umeme?

Ndani ya chesisi kuna volti 400 hadi 500 za DC, na kapasita zinaweza kuzishikilia muda mrefu baada ya kuzima. Chomoa waya ukutani, usitegemee swichi. Subiri dakika tano. Chukua rezista ya kilo-omu 2.2 hadi 10, wati 5 au zaidi, yenye waya na klipu zilizofunikwa, unganisha upande mmoja kwenye chesisi na mwingine kwenye chanya ya kapasita kuu kwa sekunde 30. Kisha pima. Chini ya volti 10 endelea. Juu ya hapo rudia. Kugusisha bisibisi ili itoe cheche kunaharibu kapasita na kunaweza kukuumiza macho.

Unapopima ikiwa imewashwa, klipu nyeusi ibane kwenye chesisi kabla ya kuwasha, kisha tumia mkono mmoja tu. Vua pete na saa. Usifanye kazi hii ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji.

Na usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika, au rezista kubwa ya omu 8, kwenye kila upande. Muziki ukipita bila mzigo, transfoma ya spika inazalisha volti kali zinazotoboa vanishi yake yenyewe au kurusha cheche ndani ya soketi.

Hatua za kubadilisha ni zipi?

Acha valvu za zamani zipoe dakika 15. Zishike kwenye kitako, si kwenye kioo, uzivute wima huku ukiyumbisha kidogo. Angalia ule mwiba wa plastiki katikati ya kitako: ukiwa umevunjika, valvu inaweza kuingizwa kwa mkao wowote kati ya minane, na saba kati ya hiyo ni ajali.

Safisha pini za valvu mpya na soketi. Kwa wanaoishi pwani hili si la hiari, kwa sababu hewa ya chumvi inafubaza chuma cha soketi, mgusano unakuwa wa vipindi, na valvu inapoteza bayasi ghafla. Tumia kisafishio cha viungo vya umeme, ingiza na kutoa valvu mara tatu nne. Soketi iliyolegea ibanwe kwa sindano nene, umeme ukiwa umechomolewa na kapasita zikiwa tupu.

Kabla ya kuingiza valvu mpya, geuza skrubu za bayasi hadi mwisho wa upande hasi. Kama hujui ni upande upi, washa bila valvu za nguvu na upime volti za pini 5 huku ukigeuza. Usikawie: bila mzigo huo volti kuu zinapanda, zinaweza kukaribia kikomo cha kapasita. Dakika moja inatosha.

Utumie wakati huo huo kupima kitu kingine muhimu. Pini 5 za upande mmoja zinapaswa kusoma sawasawa. Tuseme mbili zinaonyesha −38 na −31. Ile ya −31 ina kapasita ya kuunganishia inayovuja: volti chanya kutoka valvu ya mbele zinapenya na kula bayasi. Badilisha kapasita hiyo kwanza, la sivyo utaua valvu mpya siku ya kwanza.

Sasa zima, ingiza valvu, unganisha spika, punguza sauti hadi sifuri, washa. Zima taa ya chumba na utazame anodi kwa dakika mbili. Zikiwa nyeusi, panda taratibu hadi kama asilimia 60 ya lengo, subiri dakika 10, kisha fikia lengo lako. Ukirekebisha upande mmoja, wa pili unasogea kwa sababu volti kuu ni za pamoja, kwa hiyo zunguka mara mbili tatu. Pima tena baada ya nusu saa, tena kesho yake, tena baada ya wiki kadhaa. Valvu mpya hubadilika zaidi mwanzoni, kisha zinatulia, na baada ya hapo kupima kila miezi mitatu hadi sita kunatosha.

Naweza kuweka KT88 kwenye Stereo 70 au amplifaya nyingine ya EL34?

Hili ndilo swali linalokuja kuliko yote, na jibu letu ni hapana, isipokuwa ubadilishe vitu vingine vinne.

Hita: kila KT88 inaongeza ampia 0.1 kwenye transfoma ambayo tayari ni ya moto. Bayasi: KT88 inahitaji volti hasi zaidi kuliko EL34 ili ivute mkondo ule ule, na skrubu ya Stereo 70 inaweza kufika mwisho kabla hujaipata. Rezista za gridi: za Stereo 70 ni kilo-omu 270. KT88 kwenye bayasi ya kudumu inataka zisizidi 220, na ikiendeshwa juu ya wati 35 zisizidi 100. Ukipuuza, mkondo mdogo wa gridi unasukuma bayasi kuelekea chanya kadiri valvu inavyopata joto, na joto linaongeza mkondo, hadi anodi iwe nyekundu. Rektifaya (valvu inayogeuza AC kuwa DC): GZ34 ya Stereo 70 ina kikomo cha miliampia 250. KT88 nne kwa miliampia 70 kila moja ni 280, kabla hujahesabu valvu za mbele.

Mtu atasema rafiki yake anatumia KT88 mwaka wa tatu bila tatizo. Inawezekana, akiwa amezipanga miliampia 40 kama EL34. Lakini hapo amelipa bei ya KT88 ili zifanye kazi ya EL34. Dynaco walipotaka kutumia KT88 waliunda Mark III, ya upande mmoja tu, wati 60, na transfoma zake za aina nyingine kabisa.

Valvu kubwa itanipa wati zaidi?

Kidogo sana, au hata hapana. Wati zinaamuliwa na volti kuu, ukinzani wa transfoma ya spika na uwezo wa transfoma ya umeme. Hakuna kati ya hivyo kilichobadilika ulipochomeka chupa nene. Stereo 70 ni ya wati 35 kwa kila upande ikiwa na EL34, na itabaki karibu hapo hapo. Ukitaka sauti kubwa zaidi, spika yenye desibeli 3 zaidi kwa wati ni sawa na kuongeza wati maradufu.

Je, sauti itabadilika kweli?

Kati ya aina tofauti za valvu, ndiyo, ila tofauti inaonekana zaidi unapokaribia kikomo cha nguvu. EL34 inapozidiwa inavunjika taratibu zaidi; KT88 na 6550 zinashikilia besi hadi dakika ya mwisho. Kwa sauti ya sebuleni, amplifaya yenye mrejesho mkubwa, kama Stereo 70 yenye takriban desibeli 20, inafuta sehemu kubwa ya tofauti hizo, kwa kuwa kazi ya mrejesho ni kusahihisha kile valvu inachokosea. Amplifaya isiyo na mrejesho, kwa mfano ya valvu moja ya 300B kwa kila upande, inaonyesha kila kitu.

Kati ya chapa mbili za EL34 mpya, tahadhari na masikio yako. Valvu zilizotolewa zilikuwa zimechoka na bayasi yake imeshuka. Mpya zimepangwa vizuri. Bila shaka mpya zitasikika bora. Jaribio la haki ni kulinganisha seti mbili zilizo nzima, miliampia sawa, sauti imepimwa kwa mita kwa kutumia toni ya Hz 1,000 kwenye nguzo za spika.

Amplifaya yangu ni ya bayasi ya kathodi. Si naweza kubadilisha tu?

Aina ile ile kwa aina ile ile, ndiyo. Aina tofauti, piga hesabu kwanza. Tuseme una EL34 na rezista ya kathodi ya omu 470, na umesoma volti 28 juu yake. Mkondo ni 28 ÷ 470, karibu miliampia 60. Anodi ina volti 375 kutoka chesisi, hivyo kati yake na kathodi ni 347, na wati ni takriban 20.7. Safi. Weka KT88 hapo na volti za kathodi zinaweza kupanda hadi 38, yaani miliampia 81. KT88 yenyewe haijali, lakini transfoma ya umeme sasa inatoa theluthi zaidi ya ilivyozoea, na kapasita ya kathodi iliyoandikwa volti 35 imeshapitwa. Dawa ni kuongeza rezista hadi omu 600 au 680 na kuweka kapasita ya volti 63 au 100.

Anodi inawaka nyekundu. Nifanye nini?

Zima sasa hivi, kisha ndiyo usome. Anodi ikifanana na koili ya jiko la umeme, valvu inapitisha mkondo mara kadhaa ya uwezo wake, na dakika chache zinatosha kuua transfoma.

Ikipoa, hamisha valvu hiyo iende soketi nyingine. Wekundu ukiifuata, valvu ni mbovu, kwa kawaida ina gesi ndani. Wekundu ukibaki kwenye soketi ile ile, kosa ni la saketi: kapasita ya kuunganishia inavuja, rezista ya gridi imekatika, skrubu ya bayasi imechakaa, au pini 5 ya soketi haishiki. Zikiwaka zote za upande mmoja kwa pamoja, hakuna bayasi kabisa. Anza na diodi na kapasita za usambazaji wa bayasi. Kwenye Stereo 70 ya asili kirekebishi hicho ni cha selenia, na umri wake peke yake ni sababu tosha ya kukibadilisha na diodi ya kawaida.

Naona mwanga wa bluu. Imekufa?

Angalia ulipo. Bluu inayong'aa kwenye kioo, au inayocheza na muziki pembezoni, haina madhara. Zambarau au waridi iliyojaa kati ya vyuma, ndani kabisa, ni gesi: itoe. Na ile rangi ya fedha juu au ubavuni ikigeuka nyeupe kama chokaa, hewa imeingia na valvu imekwisha.

Lazima ninunue jozi zilizolinganishwa?

Ikiwa bayasi ina skrubu moja kwa valvu mbili, lazima. Kwenye pushi-puli mikondo miwili inapita pande kinzani za transfoma na kufutana. Tofauti ikibaki, chuma cha transfoma kinaanza kushiba, besi inalegea na mvumo wa Hz 100 unasikika kwenye spika. Tofauti ya miliampia 3 au 4 kwenye 40 inakubalika. Kumi haikubaliki. Kama kila valvu ina skrubu yake, kulinganishwa ni starehe zaidi kuliko ulazima. Nne zinazofanana zote si muhimu. Jozi mbili zinatosha kwa stereo.

Fyuzi inakatika kila ninapowasha.

Toa valvu ya rektifaya na uwashe. Ikikatika bado, ni transfoma au waya. Isipokatika, irudishe ukiwa umetoa valvu za nguvu. Ikikatika sasa, shuku rektifaya au kapasita kuu. Ikishika, ongeza valvu za nguvu moja moja, kila mara ukiwa umezima. Usiweke fyuzi kubwa zaidi ili ishike, na ikiwa iliyoandikwa ni ya kuchelewa, usiweke ya haraka.

Usibadilishe GZ34 kwa 5U4 eti zinaingia soketi moja: GZ34 inavuta ampia 1.9 za hita na 5U4GB inavuta 3. GZ34 nayo haitaki kapasita ya kwanza izidi mikrofaradi 60. Wanaoongeza kapasita "ili besi ikaze" ndio wanaoiona ikitoa cheche.

Umeme wa kwetu unapanda hadi 240 au zaidi. Una athari?

Unayo, hasa kwa amplifaya zilizotengenezwa kwa volti 220. Kwenye 240, hita ya 6.3 inapata karibu 6.9, mpakani kabisa mwa asilimia 10 inayovumilika, na volti kuu zinapanda kwa kiwango hicho hicho. Bayasi uliyoipanga mchana umeme ukiwa 225 si ile ya usiku wa manane. Pima ukutani kwanza, panga bayasi wakati umeme uko juu, na kama unazidi 240 mara kwa mara, tafuta stabilaiza au agiza transfoma yenye tepe (kituo cha kuunganishia) ya 240. Amplifaya ya volti 120 kutoka Marekani ipewe transfoma ya kushushia yenye VA 500 au zaidi, si ile ndogo ya mashine ya kunyolea.

Nina amplifaya ndogo ya EL84. Nayo?

Uwanja wake ni mwembamba. 6BQ5 ni EL84 kwa jina la Kimarekani, na 6P14P ni yake ya Kirusi. Kiwango cha EL84 ni volti 300, lakini amplifaya kadhaa za Marekani za miaka ya 1960 ziliiendesha juu zaidi kwa kutumia 7189, inayobeba 400. Ukipima na kukuta zaidi ya 330, tafuta 7189 au ile ya Kirusi yenye herufi za ziada, 6П14П-ЕВ, inayouzwa pia kwa jina EL84M.

Maandishi ni ya Kirusi. Nasomaje?

6П3С-Е ni ndugu wa 5881, usiipe kazi ya 6L6GC kwenye volti 450. 6П6С ni 6V6. 6П14П ni EL84.

Ninunue mpya au za zamani?

Mpya. Viwanda vimebaki vichache: JJ iko Čadca, Slovakia; kiwanda cha Saratov, Urusi, kinatoa Electro-Harmonix, Sovtek na Tung-Sol, pamoja na zinazouzwa leo kwa majina ya Mullard na Genalex Gold Lion; Psvane iko China. Yaani EL34 mpya iliyoandikwa Mullard haikutoka Blackburn, Uingereza, kilikokuwa kiwanda cha Mullard, na bei isikutishe ukadhani imetoka huko.

Za zamani ni nzuri kweli, ila soko lake limejaa valvu zilizofutwa jina na kuandikwa upya. Usiangalie rangi nyeupe, inafutika kwa kidole. Tazama herufi za kijivu zilizochomwa kwenye kioo karibu na kitako: EL34 ya Mullard halisi ina mstari wa Xf1, Xf2 na kadhalika, na chini yake kitu kama B4A1, ambapo B ni Blackburn, 4 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, A ni Januari na 1 ni wiki. Pasipo herufi hizo, usilipe bei ya Mullard. Na daima dai vipimo vilivyofanywa kwenye volti za kweli, 250 na kuendelea, si "imepimwa, inawaka".

Zitadumu muda gani?

Saa 2,000 hadi 5,000 kwa bayasi ya wastani. Kwa saa nne kila siku, hiyo ni kama mwaka mmoja na miezi minne hadi zaidi ya miaka mitatu. Dalili za kuchoka ni mkondo usiopanda tena hata skrubu ikifika mwisho, besi iliyolegea, na upande mmoja kuwa mdogo kuliko mwingine. Valvu ulizozitoa zikiwa bado nzima ziandikie tarehe na miliampia kwenye boksi na uziweke. Siku moja valvu ya nguvu ikikatika usiku wa Jumamosi, jozi hiyo ndiyo itakayokuwa karibu.